Wapigaji Waliojua Kunyamaza

Wapo wanamuziki ambao mtu hucheza nyimbo zao maisha yake yote asiwajue. "Lady Marmalade" ya kundi la Labelle, iliyotoka 1974, imejaza kumbi za dansi kila pembe ya dunia, na sifa zikaenda kwa wale akina dada watatu, nao walizistahili. Lakini gitaa na besi mle ndani zilipigwa na Leo Nocentelli na George Porter Jr., watu wa The Meters, bendi ya fanki kutoka New Orleans.

Wenzao walikuwa Art Neville kwenye kinanda na Joseph "Zigaboo" Modeliste kwenye drams. Mtayarishaji Allen Toussaint aliwafanya wapigaji wake wa studio: mwimbaji aje na sauti yake, vyombo atavikuta. Ndivyo walivyompigia Lee Dorsey, na 1973 wakampigia Dr. John. Kazi ya kusindikiza ina adabu yake, na iliyo kuu ni kujua wakati wa kutopiga.

Sikiliza "Cissy Strut" yao ya 1969. Hakuna anayeimba. Gitaa na besi zinatembea pamoja kwenye kipande kimoja kifupi, kisha zinakata, na pale zilipokata ndipo drams zinapojibu, tena kwa maneno machache. Anayejifunza gitaa anaweza kukishika kipande kile jioni moja. Kukiacha kipumue ndiyo shughuli, na bendi nyingi zinashindwa hapo hapo kwa sababu kila mpigaji anataka asikike.

Mimi namvulia kofia Modeliste zaidi. Upigaji wake ulitoka barabarani. Huko New Orleans, bendi ya matarumbeta ikishamsindikiza marehemu, watu huifuata kwa nyuma wakicheza mtaa hadi mtaa. Katika msafara kama ule ngoma kubwa ina mtu wake na ngoma ndogo ina wake. Modeliste aliwageuza wote wawili kuwa mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda. (Aliyewahi kufuata matarumbeta ya harusi Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi.)

Mwaka 1975 na 1976 The Meters waliwafungulia Rolling Stones majukwaa. Fedha na mikataba ikaleta maneno, na 1977 bendi ikasambaratika. Baadaye vijana wa hip hop walizikata rekodi zao vipande vipande na kuchana juu yake. Ule uwazi waliouacha ukapata wapangaji. Tuzo ya Grammy ya heshima ya maisha ilikuja 2018, mwaka mmoja kabla Neville hajafariki.

Itafute "Cissy Strut", msomaji. Mara ya kwanza liache gitaa lipite zake. Zifuate drams peke yake mpaka mwisho.