Kamusi Mbili za Kale na Mafundisho ya Maneno Mageni

Mwaka 1604 Robert Cawdrey, padre aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alitoa huko London kitabu kiitwacho A Table Alphabeticall, chenye maneno magumu ya Kiingereza yapata 2,500. Hicho huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza iliyoelezwa kwa Kiingereza chenyewe. Mwaka 1623 Henry Cockeram naye akatoa The English Dictionarie. Ukivitazama juu juu, vitabu hivi ni ndugu, ukivichungua, vyafarakana.

Cawdrey alikusudia kuwasaidia wasio na elimu nyingi kuyafahamu maneno watakayoyakuta katika Maandiko na mahubiri. Tena katika dibaji yake awaonya wahubiri wasitafute maneno ya kujionyesha, bali wanene hata mjinga apate kusikia. Cockeram katika sehemu ya kwanza aeleza maneno magumu vivyo hivyo; lakini katika sehemu ya pili ageuza kazi. Aweka neno la kawaida, na mbele yake neno la fahari la kutumiwa badala yake. Hapo ndipo tunapomlaumu.

Kwani neno si sarafu, hata libadilishwe kwa jingine la thamani ile ile. "Silent" yafaa kwa mtu aliyenyamaza saa hii. "Taciturn" ni mkimya kwa tabia yake. Kiswahili nacho chatenga aliyenyamaza na mkimya. Mwenye kuyafanya mawili hayo kuwa moja hakuongeza neno, amepoteza maana.

Lawama hii yatupata na sisi. Tulipata kuwapa wanafunzi wetu orodha ya namna ya Cockeram, na mbele ya neno la huzuni tukaandika "lachrymose". Kijana mmoja, akiandika habari za mazishi ya babaye, akamwita mamaye kwa neno hilo, kumbe lamsema mtu kuwa mwepesi wa machozi, na lina dharau ndani yake. Kijana alitaka kumheshimu mamaye, na sisi tulimpa tusi mkononi.

Basi walimu wenzetu, maneno mageni na yafundishwe, maana pasipo hayo vitabu vingi vya Kiingereza vitabaki vimefungwa. Lakini kila neno lije na sentensi yake, na mwanafunzi aulizwe: lasema nini ambalo neno ulijualo halisemi? Akikosa jibu, na alitumie lile alijualo.