Masomo Saba, Mtoto Mmoja

Watu wengi hudhani kwamba darasa la kwanza ni mahali pa mambo mepesi. Mtoto wa miaka sita huhesabu vijiti, huimba, huchora jua, kisha hwenda zake nyumbani. Lakini hakuna sehemu ya nyumba ichukuayo uzito mkubwa kuliko msingi, wala hakuna darasa lichukualo mzigo mkubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo yafaa tuutazame mpango wa masomo ya darasa hilo kwa jicho la haki, tusifu lipasalo kusifiwa na tukosoe lipasalo kukosolewa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufuatwa Kenya nzima Januari 2019, ulileta masomo tisa katika madarasa ya chini. Jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilipendekeza yapunguzwe yawe saba: lugha ya asili, Kiswahili, Kiingereza, hisabati, mazingira, dini na sanaa. Tendo hili lastahili sifa, kwa maana mtoto haioni dunia vipande vipande. Chukua mtungi mmoja wa maji uliowekwa katika ua wa nyumba za kupanga huko Kamenu, mjini Thika. Vikombe vingapi huujaza? Hiyo ni hisabati. Mbona maji huchemshwa kabla ya kunywewa? Hayo ni mazingira. Jirani aliyekosa maji agawiwe? Hiyo ni dini. Mlio wa mtungi mtupu una tofauti gani na mlio wa mtungi uliojaa? Hiyo ni sanaa. Mtungi ni mmoja na mtoto ni mmoja. Kulinganisha, kupanga mambo kwa mfuatano, kuuliza sababu, na kungoja zamu ya kusema: hayo ndiyo yapitayo katika masomo yote, nayo ndiyo elimu yenyewe ya mwaka wa kwanza.

Walakini kupunguza idadi ya masomo si kumaliza kazi. Kila jambo katika hayo hupita kwa maneno, na hapa ndipo mpango ulio mzuri katika karatasi huharibika darasani. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza, na mtaala wa sasa umelishika shauri hilo. Sera iligeuka, lakini desturi ya madarasa mengi ya mijini haikugeuka.

Kamenu ni mfano mwema wa jambo hili. Thika ni mji wa viwanda, nao umekusanya Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengine waliofuata kazi. Watoto wao hucheza, hugombana na kupatana kwa Kiswahili, na sera yakubali kwamba katika mahali kama hapo Kiswahili ndicho lugha ya eneo. Hata hivyo, aghalabu mtoto huulizwa kwa Kiingereza kijiti kipi ni kirefu kuliko kingine. Hunyamaza, na katika daftari huandikwa kwamba hajui kulinganisha. Kumbe mtoto huyo huyo akigawiwa nanasi nyumbani, hutambua mara moja kwamba kipande cha ndugu yake ni kikubwa kuliko chake, tena hudai haki yake kwa hoja. Alichokosa ni neno, nacho kimehesabiwa kuwa akili.

Hisabati yenyewe yatoa ushahidi. Neno la Kiingereza «eleven» halimwambii mtoto chochote juu ya kumi. Neno la Kiswahili «kumi na moja» lamfundisha hesabu katika kutamkwa kwake. Lakini Kiswahili nacho kilichukua «ishirini» kutoka Kiarabu, na makumi mawili yakafichika ndani yake. Mkikuyu asemapo «mirongo iri», na Mjaluo asemapo «piero ariyo», makumi mawili huonekana wazi. Basi mwalimu akiwaagiza watoto wakaulize nyumbani jinsi wazazi wao watajavyo ishirini, amefundisha lugha ya asili na hisabati kwa pamoja. Hivyo wingi wa lugha za Kamenu, ambao mpango uliofaa kijiji chenye lugha moja huuona kuwa taabu, hugeuka kuwa mali.

Wazazi watajibu kwamba tangu Gredi ya Nne masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mitihani huandikwa kwa lugha hiyo. Hofu yao si ya upuuzi, wala yeyote asiwacheke. Lakini hakuna asemaye Kiingereza kiondolewe. Nacho ni somo moja katika saba, na kifundishwe kwa bidii. Neno ni kwamba somo moja lisifanywe kufuli la masomo mengine. Aliyekwisha kuelewa maana ya kirefu na kifupi atahitaji jina jipya tu, bali aliyekariri jina bila maana atahitaji kuanza tena, na huenda akaanza akiwa amekwisha kuamini kwamba yeye ni mjinga.

Hilo ndilo la kuogopwa. Wahenga walisema udongo upatize ungali maji, na udongo huo hushika alama ya lawama kama ushikavyo alama ya sifa. Wewe msomaji, ambaye umekwisha kuvuka madarasa hayo, huenda una mdogo wako anayeyaanza. Kabla hujasema kwamba hajui, muulize kwa lugha anayochezea. Na wanaopanga masomo wasitosheke kuyahesabu, bali waingie darasani wasikilize mtoto anasemeshwa kwa lugha gani.