Kwa Gorila Kwanza: Busia, Malaba na Safari ya Nchi Mbili

Vipeperushi vya kampuni za utalii Afrika Mashariki huuza wanyama na vitanda: simba wa Maasai Mara, gorila wa Bwindi, loji yenye veranda inayotazama bonde. Katikati ya ratiba kuna siku moja ambayo haipambwi kwa picha yoyote, siku ya kutoka Kenya kuingia Uganda. Kwa anayesafiri kwa barabara, siku hiyo hupitia Busia au Malaba, na hoja ya makala haya ni kwamba ndiyo inayobeba safari nzima. Mara na Bwindi haziunganishwi na mto, msitu wala msafara wa wanyama. Zimeunganishwa na meza ya uhamiaji na forodha. Anayeelewa jinsi meza hiyo ilivyoundwa na inavyofanya kazi ataipanga ziara kinyume cha desturi: ataanza kwa gorila, amalizie kwa nyumbu.

Anayedhani kwamba wanyama wakiwa jirani na watalii watapata njia, na atazame kusini. Mara na Serengeti ni nyika moja iliyokatwa na mstari wa ramani. Nyumbu zaidi ya milioni moja hulisha pande zake mbili kwa kufuata mvua na majani, lakini mtalii anayewafuata hufika mahali akageuzwa. Lango la Bologonja lilifungwa 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ingawa mpaka wa Kenya na Tanzania ulifunguliwa tena 1983, lango hilo halikurudishiwa watalii. Mgeni huzunguka hadi Isebania, na akifika huko kwa kawaida hushuka gari la Kenya akapanda la Tanzania, kwa kuwa makubaliano ya utalii ya 1985 yaliwekea mipaka magari ya watalii ya kila upande. Makubaliano hayohayo ndiyo Kenya iliyoyashika Desemba 2014 ilipoyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, mpaka marais wa nchi mbili wakakutana na kusuluhisha. Kwa hiyo eneo lenye wanyama walewale pande zote mbili ndilo lenye mtalii anayepata taabu zaidi kuvuka.

Magharibi mambo yalikwenda vingine. Kutoka Mara hadi Bwindi ni mwendo wa siku mbili au zaidi kwa gari, na hakuna mnyama hata mmoja anayehama kati ya sehemu hizo. Hata hivyo magari makubwa ya watalii yanayotoka Nairobi hupita Nakuru, huvuka mpaka, hulala Jinja au Kampala, kisha huelekea milima ya kusini-magharibi mwa Uganda. Kilichowezesha hayo ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza lilimhusu mtu. Mapema 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza ya pamoja ya watalii: dola 100, siku 90, ruhusa ya kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya nchi hizo tatu, nayo huombwa kupitia nchi ambayo mgeni ataingia kwanza. Mwaka huohuo raia wa nchi hizo wakaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. La pili lilihusu gari. Gari lenye nambari za Kenya huingia Uganda kwa kibali cha muda cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA, na dereva aliyewachukua wageni Mara anaweza kuwafikisha hadi mlangoni mwa loji ya Bwindi. La tatu ni jengo lenyewe.

Jengo hilo linastahili maelezo, maana wengi hulipita bila kujua linafanya nini. Zamani msafiri alishuka upande wa Kenya akapanga foleni kugongewa muhuri wa kutoka, akavuka eneo lisilo la mtu kwa miguu, kisha akaanza foleni ya pili upande wa Uganda. Chini ya utaratibu wa kituo cha pamoja, ambao Busia ulizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, nchi unayotoka haikusimamishi. Unapita upande wake moja kwa moja hadi jengo la nchi unayoingia, na humo maofisa wa nchi zote mbili wameketi pamoja: wa kwanza anakutoa, wa pili anakuingiza. Ofisa wa Kenya anatumia sheria ya Kenya akiwa ndani ya ardhi ya Uganda, na mwenzake vivyo hivyo upande wa pili. Jambo hilo lisingewezekana bila sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu vituo vya pamoja vya mpakani, ya 2016, inayompa ofisa mamlaka nje ya nchi yake ndani ya eneo lililowekewa alama. Utaratibu wa Malaba ni huohuo.

Mtu anaweza kusema kwamba Namanga, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, nayo ina kituo cha namna hiyo tangu Desemba 2018, na bado mtalii hubadilisha gari. Pingamizi hilo ni la haki, nalo linaifafanua hoja zaidi. Jengo peke yake hufupisha foleni, lakini haliunganishi ziara. Tanzania haimo katika viza ya pamoja, na suala la magari ya watalii halikumalizwa. Busia na Malaba zinafaulu kwa sababu mtu, gari na jengo vilifunguliwa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki vinakuwa msaada wa nusu njia.

Sasa tuingie katika mpangilio wa ziara. Desturi ya kampuni nyingi za Nairobi ni kuanza na Mara na kumalizia na gorila, kwa kuwa ndege za kimataifa hushukia Nairobi na kwa kuwa gorila huonekana kama kilele kinachofaa kuwekwa mwisho. Mpango huo unauweka mpaka mahali pabaya kabisa. Kibali cha kuwaona gorila wa milimani ni kitu kigumu: tangu Julai 2024 mgeni asiye mkazi hulipa Uganda dola 800, kibali kina tarehe yake na kundi lake la gorila, kundi moja hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, na muda wa kukaa nao ni saa moja. Maelekezo hutolewa asubuhi. Asiyefika kwa wakati huachwa. Tiketi ya Mara ni laini zaidi. Kaunti ya Narok humtoza mgeni asiye mkazi dola 100 kuanzia Januari hadi Juni na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, kwa saa 12 za mchana, na anayechelewa kufika Mara kwa siku moja hupoteza siku moja tu; kesho yake simba wako palepale. Mpaka ndiyo sehemu ya safari isiyotabirika kuliko zote: mtandao wa kompyuta unaweza kugoma, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikasahaulika nyumbani, au karatasi za gari zikakosa saini. Busara ya kawaida ya kupanga kazi inasema hatari iwekwe kabla ya kitu laini, isiwekwe kabla ya kitu kigumu. Mgeni anayeshukia Entebbe huwaona gorila kwanza, kisha huvuka Busia akiwa hana tarehe inayomkimbiza.

Kuna atakayesema kwamba kugeuza mpangilio kutamgharimu mtalii wa mwisho wa Juni, kwa kuwa akitangulia Bwindi atafika Mara Julai, ada ikiwa imeshakuwa maradufu. Ni kweli kwa hesabu ya tiketi. Lakini ada hiyo inawafuata nyumbu, ambao kwa kawaida huingia Mara kuanzia Julai na kuondoka kufikia Oktoba au Novemba. Aliyelipa dola 100 mwezi Juni mara nyingi amelipia nyika ambayo misafara haijafika. Tena Juni hadi Agosti ni miezi ya mvua chache Bwindi, ambako njia za msituni huteleza vibaya. Kalenda ya wanyama yenyewe inaelekeza magharibi kwanza, mashariki baadaye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wageni wenye fedha hawapiti barabarani. Hupanda ndege, na mpaka wao ni dirisha la Entebbe au la Nairobi. Hilo halina ubishi, na aliye na siku saba tu hawezi kulaumiwa kwa kuruka. Lakini utalii hauishii kwa mgeni wa loji za bei ya juu. Kuna vijana wanaosafiri kwa magari makubwa ya pamoja na kulala kwenye mahema, kuna wanaojiendesha wenyewe, na kuna kundi ambalo vipeperushi hulisahau, yaani wakazi wa eneo hili. Familia ya Eldoret au Kisumu inaweza kwenda Jinja kwa vitambulisho vya taifa tu. Kibali kilekile cha gorila ambacho mgeni wa mbali hukilipia dola 800, raia wa Jumuiya hukipata kwa shilingi 300,000 za Uganda. Kwa kundi hili tofauti kati ya nauli ya ndege na mafuta ya gari ndiyo tofauti kati ya kwenda na kubaki nyumbani, na Busia ndiyo mlango wao.

La tatu ni hesabu ya viza. Kenya ilipoacha viza na kuanza kibali cha kielektroniki Januari 2024, ada ilikuwa dola 30, na viza ya kawaida ya Uganda ni dola 50. Jumla ni 80, chini ya 100 za viza ya pamoja. Je, viza ya pamoja imepoteza maana? Kwa anayeingia Uganda mara moja, akavuka Kenya na kurudi kwao kupitia Nairobi, ndiyo, vibali viwili vinatosha. Anayeongeza Rwanda, au anayetaka kurudi alikotoka kupanda ndege, ndiye anayepata faida. Hapa tena mwelekeo una uzito: safari ya mstari mmoja kutoka Entebbe hadi Nairobi huvuka mpaka mara moja tu, ilhali ya kwenda na kurudi Nairobi huvuka mara mbili, na kila kuvuka kuna ada na muda wake.

La nne linahusu malori. Vituo hivi vilijengwa kwa ajili ya mizigo. Mtalii aliingia kama abiria wa pembeni. Malaba hubeba sehemu kubwa ya shehena ya barabara kuu ya kaskazini, na 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ilifika makumi ya kilomita. Jibu ni kuchagua. Anayetoka Jinja kuelekea Kisumu na Mara njia yake ya asili ni Busia. Malaba imfae anayekwenda Eldoret, Kitale au Mlima Elgon.

Limebaki swali la Busia yenyewe inapata nini, na hapa muundo wa jengo unatoa jibu ambalo wachache wamelizingatia. Kwa kuwa anayetoka Kenya hahudumiwi upande wa Kenya, gari linaloelekea Bwindi halina sababu ya kuzima injini Busia ya Kenya. Anayesimama hapo ni yule anayeingia kutoka Uganda. Ziara inayoanza Nairobi inampitisha mgeni mjini kwa kasi akiwa na wasiwasi wa kibali cha gorila. Ziara inayoanza Entebbe inamteremsha upande wa Kenya, akiwa na muda, akihitaji shilingi za Kenya, chakula na pengine kitanda. Mwelekeo unaomfaa mtalii ndio huohuo unaoufaa mji.

Na kuna vya kuona, ilimradi asiahidiwe tembo. Kakapel, huko Teso Kaskazini, ni mwamba wenye michoro ya kale ya maumbo na ng'ombe, ulio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Uchimbaji wake, uliochapishwa 2024, ulitoa mbegu ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi, ya zamani kuliko nyingine zilizopimwa Afrika Mashariki. Kusini, kinamasi cha Yala, ambacho Busia inagawana na Siaya, kina ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo, pamoja na nzohe, swala anayekaa majini. Anayetaka kumwona nzohe bila kubahatisha sana aende Saiwa, mbuga ndogo karibu na Kitale iliyotengwa 1974 kwa ajili yake. Hakuna kati ya hivyo kitakachoshindana na Mara, na havipaswi kujaribu. Kosa la kaunti za mpakani lingekuwa kujenga loji ya kuigiza Narok na kungoja mgeni wa siku tatu asiyekuja. Bidhaa yake ni nusu siku: mwongozaji aliyefunzwa anayepatikana karibu na kituo, bei inayojulikana, barabara inayopitika hadi Kakapel, na mahali safi pa kulala kwa usiku mmoja. Hayo yanagharimu kidogo kuliko jengo la mpakani lililokwisha kujengwa, na bila hayo jengo hilo litaendelea kuwapitisha wageni kuelekea faida ya kaunti nyingine.