Mahali pa Kumlisha Bibi Arusi

Mwaka 2023, wiki tatu kabla ya kuolewa hapa Daudi, mjukuu wangu alikwenda Unguja na rafiki zake wanne kuagana na usichana. Kichen pati tumekwisha izoea. Safari ya namna hii ni jambo geni kwetu wazee. Sikuipinga. Ilitokea kwamba nami nilikuwa huko kumtembelea mwanangu, nikaalikwa kula nao mara tatu. Mtu aliyesahihisha mitihani miaka yote haachi mazoea, basi nikazisahihisha na meza.

Mlo wa kwanza ulikuwa juu ya paa la hoteli moja ya Mji Mkongwe, jua likizama baharini. Mandhari siyalaumu hata kidogo. Chakula kililetwa kidogo kidogo, kipande cha samaki katikati ya sahani pana, kimepambwa majani. Kila msichana alipiga picha sahani yake, akala yake, akanyamaza. Mhudumu alisimama nyuma yetu kama msimamizi wa mtihani, nasi tukanong'ona kama watahiniwa. Kwa fedha ile ningenunua mbuzi mnadani. Lakini kosa kubwa si bei. Kosa ni kuwa watu sita tulikula milo sita.

Jioni ya pili tulishuka Forodhani, bustani ya pwani iliyofanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Hapo pana moshi, taa na kelele za wauzaji. Wageni wengi hukimbilia mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa mezani. Mimi naitilia shaka, kwani huwezi kujua imelala pale tangu saa ngapi. Ushauri wangu ni huu: uliza bei kabla ya kuonja, na ule kinachopikwa mbele ya macho yako. Ile inayoitwa piza ya Zanzibar haifanani na ya Italia. Ni unga uliotandazwa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Ni tamu. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi nayo naisifu. Wasichana walicheka sana, ila walicheka wamesimama, kila mmoja akielekea kibanda chake. Forodhani ni mahali pa kutembea.

Mchana wa tatu nilichagua mimi: Lukmaan, kule Mkunazini, kando ya mbuyu mkubwa. Pale unakwenda mwenyewe kuviona vyakula, ukaonyesha kidole. Tulichukua pilau, pweza wa nazi, samaki wa kupaka na boko boko, yaani ngano iliyopikwa na nyama na kupondwa hadi vikashikana. Kila mtu aliagiza chake, lakini sahani zote zikaishia katikati. Tulinawa, tukala kwa mikono. Nilipoisikia saumu ndani ya pilau nilikumbuka mashamba yetu ya Mbulu.

Ndipo mjukuu wangu akauliza, bila kuinua macho, "Babu, ulipomwoa bibi, hukuogopa?"

Watu wa pwani humpa bibi arusi somo wa kumfunda. Kwetu kazi hiyo ni ya shangazi na bibi, na bibi yake alifariki mwaka 2016. Swali likawa langu.

"Niliogopa," nikasema. "Nikamwambia. Akasema naye anaogopa. Tukaanzia hapo."

Hakujibu. Rafiki yake mmoja akamsogezea pweza, naye akala. Baadaye wote watano wakaanza kusema hofu zao, nami nikaondoka taratibu kwenda kutafuta kahawa.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga safari kama hiyo, alama zangu ni hizi. Paa la hoteli ni la kunywa juisi na kupiga picha. Forodhani ni ya usiku mmoja wa kucheka. Mlo mkubwa uwe mchana, penye sahani za kuchangia. Funikeni mabega mkipita mitaani, na wakati wa Ramadhani msitarajie kula hadharani mchana. Bibi arusi mpeni kiti cha katikati, kisha msiwe na haraka ya kuinuka.