Sifa ya Chai Iliyochemka

Ufundi wa kupika chai ya maziwa huko Garsen, katika Tana ya chini, unastahili kusifiwa kwa moto wake kabla ya viungo vyake. Maziwa hutoka kwa wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, na maji, kwa nyumba nyingi za kando ya mto, ni ya Tana wenyewe, unaoteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, miteremko ile ile inayootesha chai ya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga. Hivyo maji na majani yaliyoachana milimani hukutana tena katika sufuria moja.

Maji hayo huja na tope, ndiyo maana mpishi hodari huanza kazi usiku, akiyaacha yatuame mtungini au akiyakorogea shabu, madini yanayoshikanisha chembe za udongo hadi zizame, kwa kuwa moto huua vijidudu lakini hauondoi udongo. Asubuhi huwashwa kuni za mathenge, mti wa miiba ulioletwa Bura miaka ya 1980 na ambao sasa umevamia malisho (lawama zake ni nyingi, ila makaa yake hudumu). Maji na tangawizi iliyopondwa hutangulia, majani hufuata, kisha maziwa, na hapo mpishi habanduki: huiteka chai kwa upawa na kuimimina tena kutoka juu isije ikafurika, kwani povu la kwanza humhadaa mwenye haraka, maziwa yakiumuka kabla hayajachemka sawasawa.

Uvumilivu huo ndio dawa. Brusela, bakteria aliyetambuliwa na David Bruce kisiwani Malta mwaka 1887, hupita kutoka kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia hadi kwa binadamu kwa njia ya maziwa mabichi, akileta homa ya vipindi na maumivu ya viungo ambayo hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria. Nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, kipimo cha viwanda vya maziwa, humuua, na sufuria inayotokota imekwisha kupita hapo. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo vilivyomo majini navyo havisalimiki. Kufukiza vibuyu kwa moshi, desturi ya wafugaji, huyapa maziwa harufu nzuri, lakini hakushiki nafasi ya moto.

Kwingineko chai husifiwa kuwa tiba: Uchina husifu chai ya reishi, uyoga mgumu kama ubao, na Urusi ile ya chaga, uyoga wa miti ya nchi za baridi, ingawa ushahidi wa tiba zao kwa binadamu bado ni haba. Tangawizi ya Garsen hutuliza kichefuchefu, basi; isitwishwe madai zaidi.

Doa la chai hii ni sukari, ambayo hutiwa bila huruma. Tena tanini, kemikali iletayo ukakasi wa majani, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga. Kwa hiyo mjamzito na mwenye upungufu wa damu waiache chai hadi angalau saa moja baada ya mlo.