Nani Abadilike? Uhakiki wa Filamu Fupi Watu Wote na Yellow Fever kwa Kuzingatia Mazingira ya Mwamanyili

Filamu fupi inayokusudia kupambana na chuki dhidi ya kundi fulani la watu hukabiliwa na swali moja la msingi: ni nani anayetakiwa kubadilika ili chuki hiyo iondoke? Uhakiki huu unalijadili swali hilo kwa kulinganisha filamu mbili zinazoihusu Kenya, yaani Watu Wote (2017) ya Katja Benrath na Yellow Fever (2012) ya Ng'endo Mukii, kisha unayapima majibu yake katika mazingira ya Mwamanyili, wilayani Busega, mkoani Simiyu.

Watu Wote inatokana na tukio la Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliposhambulia basi lililokuwa likielekea Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Filamu inaanzia katika nafsi ya Jua, abiria Mkristo anayewaogopa Waislamu. Ufinyu wa basi unatumika vizuri, kwani wasioaminiana wanalazimika kugusana mabega. Hijabu, ambayo mwanzoni ni alama ya kinachomtisha Jua, inageuka kuwa stara inayomwokoa. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, na kwa ufundi huo ilistahili.

Hata hivyo, mantiki yake ina kasoro. Mwislamu anaaminiwa baada ya kumwaga damu. Jua habadiliki kwa kuihoji hofu yake, bali kwa kushuhudia ushujaa usio wa kawaida. Mtazamaji anaweza kuondoka akiamini kwamba anayeshukiwa ndiye mwenye wajibu wa kujitakasa.

Yellow Fever inafuata njia nyingine. Kwa kuchanganya katuni, dansi na sauti za wanafamilia, Mukii anauchimba mzizi wa imani kwamba weupe ndio uzuri, hadi katika maneno ya mtoto wa kike anayetamani ngozi isiyo yake. Hakuna shujaa wala mkosaji mmoja. Anayehojiwa ni anayetazama.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Katika Usukuma, wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, macho yao mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, ilhali miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni yatosha kuyafanya mekundu. Kikongwe wa Mwamanyili hana basi la kuokoa. Hata wema wake waweza kutafsiriwa kuwa hila. Filamu ya kumtetea ikimfanya shujaa kwanza, itakuwa imekubali kimyakimya kwamba asiye shujaa anastahili kushukiwa. Kwa njia ya Mukii, kamera ingeelekezwa jikoni, kwenye moshi, na kwenye kinywa cha anayeanza kunong'ona.

Lakini mnong'ono ukishageuka kuwa panga, kutafakari pekee hakutoshi. Hapo ndipo Watu Wote inapohitaji kusomwa upya, si kwa jicho la Jua, bali kwa jicho la abiria wengi waliokataa kumtoa mtu mmoja. Kijijini, wengi hao ni majirani. Kwa hiyo, filamu inayofaa Mwamanyili ingekopa uchunguzi wa Yellow Fever na ukaidi wa abiria wa Mandera, pasipo kumdai kikongwe athibitishe lolote ili aachwe hai.