Kadi za Kuluva

Ukitoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuelekea kusini unafika Kuluva, kwenye hospitali ya misheni alikofanya kazi Dk. Ted Williams. Wasomaji wa historia ya saratani wanamjua zaidi Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 Burkitt, Williams na Clifford Nelson walizunguka kilomita 16,000 hivi kwa gari kuukuu, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo uko kwao. Safari hiyo imesimuliwa mno. Mimi navutiwa na kazi aliyoirudia Williams baadaye, ya kukaa mezani na kuandika.

Kila mtoto mwenye uvimbe aliandikiwa mambo mawili: ulianza lini, na kwao ni wapi. Masikioni ni kazi nyepesi. Lakini mama wa kijijini hashiki tarehe. Anakumbuka mvua au mavuno, nawe ndiwe wa kuyageuza kuwa mwezi. Nyumba haina namba. Mtoto mwenyewe huenda amehamia kwa bibi yake juzi tu, basi kwao ni kupi? Ukiwa na haraka unaandika jina la eneo zima, "Koboko", ukaita mgonjwa mwingine.

Williams hakuwa na haraka. Ndiyo maana mtaalamu wa takwimu Malcolm Pike aliweza kuchukua wagonjwa wawili wawili na kuhesabu ni wangapi walioishi karibu na kuugua karibu wakati mmoja. Walizidi kiwango cha bahati. Matokeo ya miaka ya 1961 hadi 1965 yalichapishwa mwaka 1967, yakatia nguvu dhana kwamba kuna kiambukizi. Miezi iliyokisiwa ovyo ingeifuta dalili hiyo, na wala hakuna ambaye angegundua.

Kuanzia 1972 watafiti wa shirika la kimataifa la saratani la Lyon walichukua damu ya watoto 42,000 hivi wa West Nile, eneo hilohilo la Arua, wakaigandisha, wakangoja kuona nani ataugua. Ripoti ya 1978 ilihusu watoto 14 waliougua baadaye. Kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr, kiambukizi kilichoshukiwa, ziliendana na hatari ya kuugua iliyozidi takriban mara 30.

Maabara ndiyo iliyopata jina. Kwa hukumu yangu, nusu ya sifa ni ya walioandika jina la kijiji.